Kwa Mtoto Aliyekatiza Hadithi: Jinsi ya Kuongoza Mchezo wa Uhusika kwa Mara ya Kwanza

Kila aliyekulia kwenye hadithi za jioni anamkumbuka mtoto mmoja msumbufu. Bibi akisema Sungura katumbukia kisimani, yeye anadakia: "Kwa nini asipige kelele aitiwe watu?" Anaambiwa anyamaze, hadithi iendelee. Mchezo wa uhusika umetengenezwa kwa ajili ya mtoto huyo.

Mmoja wenu anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza wahusika wako wapi na nini kimewakabili, kisha anauliza: "Mnafanya nini?" Wanajibu, dadu inaamua pale penye mashaka, na hadithi inakwenda hata asikopanga msimulizi. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa aina hii mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Tangu hapo vitabu vimenenepa, na mchezo wenyewe una dadu za hadi nyuso 20. Wewe uliyeko Itumba, mvua inanyesha na wageni wanne hawajui lolote, huvihitaji. Tafuta dadu mbili za ludo, penseli, kurasa chache za kaunta buku na saa mbili za jioni.

Watu kwanza

Wachezaji watatu au wanne wanatosha. Wakifika sita, wa mwisho atangoja zamu hadi aanze kuchezea simu. Kama mezani kuna wakubwa na wadogo wa ukoo mmoja, sema mapema kwamba ndani ya hadithi vyeo vinaachwa mlangoni: mjomba anaweza kuwa utingo, na mpwa wake ndiye dereva wa lori.

Wapo watakaosikia neno dadu wakafikiria kamari. Mweleze mwenye nyumba kabla: hakuna fedha mezani. Akiwa bado na wasiwasi, andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, vikunje, uvitie kikombeni. Fanya hivyo kwa vikombe viwili. Kila anayejaribu jambo anachota kimoja kila kikombe, kisha anavirudisha. Hesabu ni ileile.

Anzia barabarani

Mara yangu ya kwanza nilianza na ngome, majoka na ukoo wa mfalme. Dakika ya ishirini mtu aliniuliza kama chai imeiva. Safari ya pili nilifungua hivi:

"Ni saa tisa alasiri. Mmetoka Itumba na sanduku la chanjo, mnalipeleka zahanati ya juu milimani. Barafu itadumu hadi saa mbili usiku. Mvua imechukua kivuko. Kijana wa bodaboda anasema anaijua njia ya mkato, ila hataki kusema kwa nini wenzake hawaipiti. Mnafanya nini?"

Wote walijibu kwa mpigo, maana hakuna ambaye hajawahi kukwama njiani. Mwanzo mzuri una vitu vinne: kazi ya kufanya, muda unaoyoyoma, kizuizi, na mtu anayeficha jambo. Vitu hivyo utavipata kwenye lori la nyanya lililokwama foleni ya Tunduma likienda Nakonde, au kwa msafiri wa Chitipa aliyepoteza hati zake mpakani Isongole. Wanaopenda maajabu, wapeleke Mbozi: asubuhi moja kile kimondo kikubwa cha chuma hakipo mahali pake, na hakuna alama ya gari.

Mhusika kwa mistari mitano

Wape dakika kumi tu. Kila mmoja aandike jina, kazi, jambo analolimudu, jambo linalomshinda, na mtu anayemdai. Mstari huo wa mwisho usiuache. Deni huzaa matukio. Kisha agawe namba 2, 1 na 0 kati ya Mwili, Akili na Maneno.

Dadu inavyoamua

Mchezaji anarusha dadu mbili, anajumlisha, anaongeza namba yake ya Mwili, Akili au Maneno, kutegemea anachojaribu. Akipata 10 au zaidi, amefaulu. Akipata 7 hadi 9, amefaulu kwa gharama. Akipata 6 au pungufu, mambo yanaharibika. Utaratibu huu ulipata umaarufu kupitia mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010, na wageni wanaushika upesi. Kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, asiye na nyongeza ana 6 ya kufaulu, 15 ya katikati na 15 ya kuharibikiwa. Mwenye 2 hesabu inamgeukia: 15, 15 na 6. Kwa hiyo waache watumie wanachokimudu.

Usirushishe dadu kwa kila kitu. Kuvuka uwanja mkavu hakuna mashaka. Na anayekosa asikute ukuta. Tuseme dada anambembeleza yule kijana wa bodaboda, anapata 5. Ukisema "amekataa", hadithi imekufa. Sema amekubali, ila katikati ya msitu anazima pikipiki na kudai nauli mara mbili, giza likiingia.

Wakikuuliza usichokijua

Rudisha swali: "Zahanati hiyo, usiku nani anailinda?" Jibu lolote watakalotoa, lichukue liwe kweli. Mkimya mwite kwa jina la mhusika wake na umpe njia mbili za kuchagua. Anayesema sana mtulize kwa heshima: "Ngoja kidogo, kaka. Mwenzako yuko wapi muda huo?"

Kabla ya kuanza, uliza pia ni mambo gani hayatakiwi mezani. Mmoja hataki ushirikina hata kwa mchezo. Mwingine amefiwa karibuni. Kubalianeni kwamba yeyote akigonga meza mara mbili tukio linarukwa, na haulizwi sababu.

Kufunga

Ikifika saa moja na nusu tangu muanze, sogeza mwisho: zahanati inaonekana, barafu imebaki kipande. Simamisha wangali na hamu. Kila mchezaji aseme mhusika wake anarudi nyumbani na nini, kisha kusanya karatasi uzihifadhi.

Utajua jioni imefaulu wakati wa kuondoa vikombe, mtu atakapodakia: "Lakini kwa nini tusingepita kule juu?" Usimnyamazishe. Muulize lini ana nafasi tena.