Wenzo Unaofanya Kazi ya Mguu

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mbeya kwenda Tunduma, utateremka mlima kabla ya kufika Mbalizi. Katika mteremko huo dereva hutegemea breki kuliko kitu kingine cho chote. Je, dereva ambaye miguu yake imepooza atasimamishaje chombo chake mahali kama hapo?

Tuchukue mfano wa bajaji. Umekwisha kuiona mara nyingi, lakini sasa itazame kwa makini. Mkono wa kushoto hushika klachi na kubadili gia. Mkono wa kulia huongeza na kupunguza mwendo. Mguu wa kulia hukanyaga breki, basi. Kwa hiyo mtu mwenye mikono mizima amepungukiwa na jambo moja tu. Dar es Salaam wapo madereva wa bajaji wenye ulemavu wa miguu. Ili breki ifungwe bila mguu, fundi huweza kufunga fimbo ya chuma inayoisukuma pedali, na dereva akaitumia kwa mkono.

Lakini mkono hauna nguvu kama mguu. Hapa ndipo wenzo unapotusaidia.

Jaribio: Weka jiwe dogo kwenye ncha ya rula ya sentimita 30. Weka penseli chini ya katikati ya rula, kisha bonyeza ncha ya pili kwa kidole. Sasa isogeze penseli mpaka iwe sentimita 6 kutoka kwenye jiwe. Bonyeza tena. Umeona tofauti gani?

Penseli ni egemeo, jiwe ni mzigo, na kidole chako hutoa jitihada. Fimbo ya fundi hufanya kazi vivyo hivyo. Ikiwa mkono uko sentimita 40 kutoka kwenye egemeo, na pedali husukumwa sentimita 10 kutoka hapo, nguvu ya mkono huongezeka mara 4. Hata hivyo, pedali ikisogea sentimita 3, mkono hauna budi kusogea sentimita 12. Ndiyo sababu fundi hawezi kurefusha fimbo apendavyo; nafasi ndani ya bajaji ni ndogo.

Katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya madereva hao, wenzo mmoja huwekwa karibu na usukani. Ukisukumwa mbele, breki hufunga. Ukivutwa nyuma, mwendo huongezeka. Kwa nini isiwe kinyume? Gari likipunguza mwendo ghafla, mwili wa dereva hutupwa mbele. Kama kusukuma kungeongeza mwendo, mkono wake ungelikimbiza gari wakati ule ule anapotaka kulisimamisha!

Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1933 hadi 1945, alipooza miguu mwaka 1921. Hata hivyo aliendesha gari la Ford lenye nyenzo za mkono.

Zoezi
1. Katika jaribio lako, kidole kilikuwa umbali gani kutoka kwenye egemeo mara ya pili?
2. Mkono uko sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, pedali sentimita 10. Nguvu huongezeka mara ngapi?
3. Itazame breki ya mkono ya baiskeli. Egemeo lake liko wapi?