Kufungua Injini kwa Mara ya Kwanza

Ifo, kambi ya kwanza ya Dadaab katika Garissa, ilifunguliwa mwaka 1991. Nchi yake ni ya mchanga na vumbi, na lori likiharibika huko, mji wa Garissa uko mbali, mwendo wa kilomita 100 hivi. Kwa hiyo kijana ajifunzaye ufundi na akumbuke kwamba kufungua injini ni rahisi. Kuifunga ndiyo kazi.

Kwanza, atandike turubai safi mahali pasipo upepo. Mchanga ukiingia ndani ya silinda huikwaruza, kisha injini hula oili na kupungukiwa na nguvu.

Pili, angoje injini ipoe, afungue waya wa betri, ule wa hasi kwanza, kisha amwage maji na oili chomboni.

Tatu, nati za kichwa cha injini azilegeze kidogo kidogo, kutoka pembeni kuelekea katikati, kichwa kisije kikapinda. Wakati wa kufunga, huanza katikati.

Nne, kila pistoni, vali na kifuniko cha beringi akitie alama na kukipanga kwa safu yake, kwani kila kimoja kimezoeana na mahali pake. Vifuniko vya beringi vikibadilishana, beringi huweza kuungua, na mwenye lori hupoteza riziki yake.

Fundi mwema hujulikana siku ya kufunga: injini huwaka, wala hapana nati iliyosalia turubaini.