Jiko la Mkaa Chumbani na Oksijeni Isiyoachiliwa
Hemoglobini hushika oksijeni mapafuni na kuiachilia kwenye tishu. Kazi hii ya pili husahaulika mno. Msuli unaofanya kazi huwa na joto, tindikali na kabonidayoksaidi zaidi, na hali hizo hulegeza mshiko, oksijeni ikashuka panapohitajika.

Kaboni monoksidi huvuruga kazi zote mbili. Juni na Julai, baridi ya Mbalizi inapozidi, wapo wanaolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa. Gesi hiyo, isiyo na rangi wala harufu, hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tena huifanya oksijeni iliyosalia ing'ang'anie isiachiliwe. Kipimo cha kidoleni nacho hudanganya: huweza kusoma asilimia 98 ilhali ubongo unakosa oksijeni.

Kwa hiyo, mgonjwa akifika alfajiri akilalamikia kichwa na kichefuchefu, au amechanganyikiwa, muulizeni habari za jiko, na kama wenzake nyumbani wanaumwa vilevile. Mpeni oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni, takriban saa moja na nusu.