Usimamizi wa Maswali ya Wanachama katika Jumuiya za Maarifa za Mtandaoni

Kuuliza swali mbele ya hadhira ni tendo lenye kanuni zake, na Mswahili hakuingoja tarakilishi ili azijue. Mtegaji wa kitendawili huomba kwanza nafasi: "Kitendawili!" Asipoitikiwa "Tega!" hana ruhusa ya kuendelea. Hadhira ikishindwa, sharti impe mji ndipo afumbue. Makala haya yanachunguza jinsi kanuni za namna hiyo zilivyoundwa upya katika jumuiya za mtandaoni ambamo watu wasiojuana huulizana na kujibizana, hususan Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu za tarakilishi iliyoanzishwa mwaka wa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky.

Tatizo sugu la jumuiya kama hizi ni marudio. Mgeni huuliza lililoulizwa na wengi waliomtangulia. Mjuzi aliyekwisha kulijibu mara kumi huchoka, akanyamaza au akahama. (Wanafunzi wa Kiswahili wanayajua haya: swali la iwapo ni "makala haya" au "makala hii" huzuka kila mwaka, na kila mwaka huzua ubishi kana kwamba halijapata kuulizwa.) Waasisi wa Stack Overflow waliwapa wanachama wenyewe mamlaka. Maswali na majibu hupigiwa kura, na kura humletea mwandishi alama za sifa. Aliyefikisha alama 3,000 alipata haki ya kupiga kura ya kulifunga swali. Awali zilihitajika kura tano; mwaka wa 2019 zikapunguzwa hadi tatu. Swali lililofungwa kwa sababu ya marudio halipokei majibu mapya, lakini kwa kawaida halifutwi: hubaki kama kibao kinachomwelekeza msomaji kwenye swali la asili. Uamuzi huu ni wa busara, kwani watu wawili wenye tatizo moja aghalabu hulitaja kwa maneno tofauti.

Hata hivyo, kulifunga swali ni kutoa hukumu ya kitaaluma. Tuchukue mfano wa sarufi. Mwanafunzi mmoja anauliza kwa nini husemwa "kiboko mkubwa amekufa" ilhali nomino yenyewe huanza kwa ki-. Wa pili anauliza kwa nini husemwa "rafiki yangu" na wala si "rafiki wangu". Msimamizi mwenye haraka ataona kwamba yote mawili yanahusu upatanisho wa viumbe wenye uhai, alifunge la pili na kumwelekeza mwulizaji kwenye jibu la kwanza. Atakuwa amekosea. Jibu la kwanza linaeleza kwamba uhai huishinda maumbo, nomino ikaingia ngeli ya A-WA. La pili halina budi kueleza kwa nini baadhi ya nomino za watu, hasa za ujamaa na uhusiano, hufuata A-WA katika kitenzi ("rafiki yangu amekuja") lakini huiacha katika kimilikishi. Mwulizaji wa pili akipewa jibu la kwanza, utata wake utazidi, maana ni kanuni hiyo hiyo iliyomtatiza. Inaeleweka, basi, kwamba Stack Overflow iliwapa wanachama waliothibitisha umahiri wao katika mada fulani uwezo wa kufunga marudio ya mada hiyo peke yao, bila kungoja kura za wengine. Swali lililofungwa kimakosa nalo laweza kufunguliwa tena.

Lugha ya ufungaji ni suala jingine, na hapa ndipo jumuiya hiyo ilipojikwaa. Mnamo Aprili 2018 waendeshaji wake walikiri hadharani kwamba wageni wengi waliiona kuwa mahali pakali, na Agosti mwaka huo wakaanza kumwekea mchangiaji mpya alama ya kumtambulisha ili wenyeji wamvumilie. Thamani ya swali lenyewe pia ilikuwa imeshuka: tangu 2010 aliyeuliza alipata alama 5 kwa kila kura ya kuungwa mkono, ilhali aliyejibu alipata 10. Tofauti hiyo iliondolewa Novemba 2019. Ilichukua miaka tisa kukubali kwamba anayeuliza vizuri naye ni mchangiaji. Yahoo! Answers, iliyofungwa tarehe 4 Mei 2021, ilikuwa na msimamo mkali zaidi: kuuliza kulimgharimu mwanachama alama 5.

Desemba 2022 Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyotungwa na ChatGPT, kwa kuwa yalionekana sahihi ilhali mengi yalikuwa na makosa, na yalimiminika kwa wingi usiomudiwa na wahakiki. Mashine ya aina hiyo haimkaripii mgeni wala haimwambii kwamba swali lake ni la zamani. Lakini anayeiuliza kuhusu "rafiki yangu" akiwa peke yake chumbani hana mjuzi wa kumsahihisha jibu likipotoka, na mwenzake wa chumba cha pili ataliuliza swali lile lile kuanzia mwanzo.