Mafunzo Niliyopata kwa Kufundisha Hisabati kwa Vikundi

Mwalimu mdogo wangu uliyepangiwa sekondari ya kata huku Iramba, najua umekuja na nia ya kuzifuta zile F za Hisabati. Nami nilikuja nayo, pamoja na daftari la mbinu za chuoni.

1. Mada ndiyo inayochagua mbinu

Niliyoipenda kupita kiasi ni jigsaw, aliyoibuni Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971: kila mwanafunzi hubobea kwenye kipande chake, kisha huwafundisha wenzake. Nikaipeleka kidato cha pili, kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Kundi moja likapewa vigawo, jingine kukamilisha mraba, la tatu fomula. Binti wa fomula aliitaja bila kukosea hata alama. Mwenzake akamuuliza, “Hiyo 4ac imetoka wapi?” Binti akanigeukia, na darasa zima likanigeukia.

Fomula huzaliwa na kukamilisha mraba. Nilikuwa nimemtenga mtoto na mama yake. Nikarudi ubaoni na chaki, nikawa tena yule mwalimu wa kuhutubia niliyeapa kumzika. Sasa jigsaw naiweka kwenye takwimu: wa histogramu hamhitaji wa modi ili aelewe kazi yake.

2. Kundi lisilodaiwa ni kijiwe

Mmoja anakokotoa, wengine wananakili, na wa nyuma wanapiga soga za mpira. Dawa niliipata kwa Robert Slavin wa Marekani: wanasoma pamoja, jaribio kila mtu peke yake, na kundi linavuna pointi kwa jinsi kila mmoja alivyoipita alama yake ya zamani. Kilichonishangaza ni kwamba bingwa wetu wa hesabu, mchoyo wa kuwaeleza wenzake, alihamisha kiti mwenyewe, akakaa na aliyezoea kupata 12. Alishapiga hesabu: pale ndipo penye pointi nyingi.

3. Darasa likifurika, wawili wanatosha

Madawati yamebanana, huwezi kuyazungusha. Hapo tumia mbinu ya Frank Lyman ya mwaka 1981: fikiri, jadiliana na jirani, shirikisha darasa. Zamani niliwakataza kunong’ona Kiswahili. Lakini watoto hawa wamesoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi. Ukiwanyima lugha hiyo unapata ukimya, na nilikuwa nikiuita nidhamu! Wanong’one, Kiingereza kije wakati wa kueleza. Ukimwita mtu, usimwite aliyenyoosha mkono. Mwite yeyote, naye aeleze jibu la jirani yake, si lake.