Mahubiri si Mapumziko ya Misa

Yafaa leo tuulizane, sisi jamaa za Kikatoliki: Padre amalizapo kusoma Injili na kuanza kuhubiri, sisi twafanya nini? Wako wanaosikiliza. Lakini wako pia wanaotoka nje kuzungumza, na wengine husinzia, wakidhani kwamba Misa imesimama kidogo mpaka wakati wa matoleo. Hao wamekosea.

Tutazame milima ya Usambara, toka Amani hata Lushoto. Huko Wakatoliki na Waprotestanti ni majirani, na mara nyingi ni ndugu wa ukoo mmoja. Waanglikana wana misheni yao ya zamani pale Magila; Waluteri walifika Mlalo mwaka 1891; Watrapisti wakaanzisha misheni ya Kikatoliki ya Gare mwaka 1897. Katika ibada ya Waluteri mahubiri ni nguzo, kwani Martin Luther alifundisha kwamba Wakristo wasikusanyike pasipo Neno la Mungu kuhubiriwa. Jirani huyo huenda kanisani na Biblia mkononi, na arudipo aweza kukueleza somo la siku.

Je, kwetu sisi mahubiri ni kitu kidogo? La, hasha! Zamani, Misa iliposomwa kwa Kilatini, mahubiri ndiyo hasa yaliyowafikia watu kwa lugha yao. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitamka kwamba mahubiri ni sehemu ya liturujia yenyewe, nayo yasiachwe siku za Jumapili na sikukuu za amri bila sababu nzito.

Tofauti yetu ni hii: kwetu mahubiri hutuongoza altareni. Wale wanafunzi wawili wa Emau walielezwa Maandiko kwanza njiani, ndipo walipomtambua Bwana katika kuumega mkate. Asiyesikiliza njiani, atamtambuaje mezani?

Wengine watasema: "Padre huhubiri mno." Shida hiyo si ya leo. Kule Troa Mtakatifu Paulo alihubiri hata usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na Paulo akamrudishia uhai. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2013 juu ya Furaha ya Injili, aliwaasa wahubiri wawe wafupi. Mhubiri ana wajibu wake, nasi wasikilizaji tuna wetu.

Basi, wazazi, tuisome Injili nyumbani Jumamosi jioni. Jumapili, wakati wa chakula, tuwaulize watoto Padre alifundisha nini, nao watuulize sisi. Na kule vigangoni, ambako Padre hufika mara chache, tusiseme, "Leo hakuna Misa," tukabaki nyumbani. Katekista alisomapo Neno na kulieleza, Kristu yupo anasema na watu wake. Tusimwache azungumze na viti vitupu.