Taipureta ya Babu na Herufi A

Taipureta ya marehemu babu ilinusurika chupuchupu. Mjomba alikuwa ameshaipandisha kwenye mkokoteni wa wanunuzi wa vyuma vikuukuu ili ikapimwe kwa kilo. Nikamwomba niitazame kwanza.

Mashine hizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1874, zikitengenezwa na kampuni ya Remington, wale wa bunduki na cherehani. Herufi zilipangwa huko kwa ajili ya Kiingereza. Babu, lakini, alikuwa akiwapigia watu barua na maombi ya mashamba hapa Kilifi kwa Kiswahili, na mashine yenyewe inakwambia. Kitufe cha A kimefutika kabisa, maana ndiyo herufi tunayoitumia zaidi. Q na X zinang'aa kama za dukani! Kiswahili hakina kazi nazo.

Kama mashine nyingi za zamani, kitufe cha 1 hakimo. Walipiga l ndogo. Alama ya mshangao nayo hakuna. Unapiga ritifaa, unarudi nyuma hatua moja, kisha unaweka nukta chini yake. Kazi kweli!

Kwa hivyo anayekusanya taipureta asizipake rangi upya, atafuta habari zote hizo. Vumbi litolewe kwa brashi laini. Huku kwetu upepo wa chumvi hula chuma, basi ifunikwe na kutiwa mafuta ya cherehani kidogo tu, si ya kupikia.

Mjomba ameishusha. Ila kasema akiona kutu Desemba, anaiuza.